Shekhar Mehta, bingwa aliyelihurumia gari

Ni mpenzi gani wa mashindano ya magari wa rika langu asiyelijua jina la Shekhar Mehta? Vijana wa leo wanaokwenda Naivasha kutazama Safari huyajua zaidi majina ya madereva wa Ulaya na Japani, wala hapana lawama, kwani kila zama zina watu wake. Lakini sisi tuliokulia Mombasa katika miaka ya 1970, tuliokuwa tukisimama kando ya barabara siku za Pasaka kuyasubiri magari yaliyojaa vumbi la Voi, tunakumbuka kwamba jina hilo lilitajwa madukani, barazani na hata kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Naandika habari zake nikiwa Eldoret, mji ambao nimeshika spana ndani yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimesukumwa kuandika na ubishi uliozuka gerejini kwetu juu ya giaboksi, ubishi ambao ndani yake jina la Mehta lilitumiwa kama ushahidi. Ubishi huo nitaueleza mahali pake. Kwanza na tumjue mtu mwenyewe, maana wengi hulitaja jina bila kuyajua maisha.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika jamaa ya Kihindi yenye mali na mashamba. Alikuwa kijana wa miaka 21 alipoanza kushindana, akiendesha BMW. Wenye ndimi kali walidhani kwamba huyu ni mtoto wa tajiri anayechezea magari, na kwamba akichoka atarudi kwenye hesabu za shamba. Walikosea. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la namna hiyo hiyo. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita mchezaji tena.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka, na kilichogeuka hakikuwa cha michezo. Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwatangazia Waasia wa Uganda kwamba waondoke nchini katika muda wa siku 90. Watu waliozaliwa Kampala, Jinja na Mbale, ambao wengine wao hawakuwahi kuiona Bara Hindi, walifunga mizigo. Eldoret iko kwenye njia ya reli inayotoka Kampala kwenda Mombasa, na treni za wahamiaji zilipita mji huu usiku na mchana zikielekea Kilindini kwenye meli. Wazee wa hapa walionisimulia wanasema kwamba jambo lililowaingia moyoni ni kimya cha abiria. Watoto walitazama nje madirishani, na wakubwa hawakuzungumza.

Jamaa ya Mehta nayo iliondoka. Yeye akaja Kenya, akaifanya kuwa nyumbani, na bendera ya Kenya ikawa ndiyo bendera yake mashindanoni. Alikuwa na miaka 27. Nyumba aliyokulia na mashamba ya ukoo wake, vyote vilibaki upande wa pili wa mpaka. Alichovuka nacho ni ujuzi wake wa kuendesha gari, kitu ambacho hakuna serikali inayoweza kukitaifisha.

Ilipofika Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya masaibu hayo, Mehta alikuwa tena kwenye mstari wa kuanzia akiwa na Datsun 240Z, na msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mashindano ya namna hii, na Safari ilikuwa imo katika orodha. Ni lazima nimkumbushe msomaji kijana kwamba Safari ya siku hizo haikuwa ya kuzunguka vipande vifupi vilivyofungwa. Ilikuwa mwendo wa maelfu ya kilomita katika barabara za watu wote, penye malori, mabasi, ng'ombe na mvua za masika. Magari yaliteremka pwani, yakapanda Bonde la Ufa, yakafika nyanda hizi za magharibi ambako Eldoret ilikuwa miongoni mwa miji iliyozoea kuyaona yakipita na matope mpaka juu ya paa. Dereva hakushindana na wenzake tu, alishindana na usingizi, mito na mawe.

Mwisho wa mwendo huo ulikuwa wa ajabu. Mehta alikuwa amelingana sawasawa na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye aliendesha Datsun. Walipigwa adhabu sawa, bila tofauti hata ya dakika moja. Ikabidi itumike kanuni ya kuamua sare, na kwa kanuni hiyo Mehta akatangazwa mshindi. Kijana aliyefukuzwa kwao akawa mshindi wa kwanza wa Safari iliyohesabiwa katika ubingwa wa dunia. Gari lile la 1973 limehifadhiwa na kiwanda chenyewe huko Japani mpaka leo.

UBISHI WA GIABOKSI

Sasa nifikie ule ubishi. Kijana mmoja wa hapa Eldoret alituletea Mercedes 450 SLC aliyoachiwa na marehemu baba yake. Hili ni gari la milango miwili, refu, lenye injini ya silinda nane ya lita nne na nusu, lililotengenezwa katika miaka ya 1970. Wapenzi wa magari makubwa ya Kimarekani yenye nguvu za fahali watalitambua mara moja kuwa ni ndugu yao wa Kijerumani. Giaboksi yake ni otomatiki ya gia tatu, na kiwanda hakikuiuza 450 SLC kwa giaboksi ya namna nyingine.

Giaboksi ya gari la kijana huyu ilikuwa imechoka. Ukikanyaga mafuta injini inalia lakini gari halivuti, na katika kupanda Timboroa lilikuwa linaachwa na malori. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakuta oili imepungua, imekuwa nyeusi, na inanuka kama mkate ulioungua. Fundi yeyote akiipata harufu hiyo anajua kwamba sahani za ndani zimekwisha.

Kijana alikuja na uamuzi wake tayari. Alitaka otomatiki itolewe kabisa na kutupwa, na mahali pake ziwekwe gia za mkono. Hoja yake ilikuwa kwamba otomatiki ni ya wazee na ya kwenda sokoni, na kwamba mabingwa wa Safari, Shekhar Mehta akiwa wa mbele, walishinda kwa gia za mkono. Vijana wenzake waliokuwa wakimsubiri nje walimwunga mkono. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya Mehta, na kila hadithi ilikuwa na kasi zaidi kuliko iliyotangulia.

Nilimweleza kwanza upande wa kazi. Kuitoa otomatiki na kuirudishia otomatiki ya namna yake ni jambo la kufungua na kufunga. Unaiondoa shafti ndefu inayokwenda difu, unafungua mabomba ya oili yanayokwenda kwenye rejeta kupozwa, unatenganisha giaboksi na injini, unaishusha kwa jeki. Lakini kubadilisha namna ni kama kuijenga upya nyumba iliyokwisha kukaliwa. Utahitaji gurudumu zito la injini, kwa kuwa otomatiki haina lile la klachi. Utahitaji klachi na pedali yake, na pampu ya kuisukuma. Sakafu itakatwa ili mkono wa gia upate kupita. Shafti itakatwa au kuungwa, maana giaboksi mbili hazilingani urefu. Hata waya wa kuwashia injini utafungwa upya, kwa sababu gari la otomatiki halikubali kuwaka mpaka mkono wa gia uwe mahali pa kusimama. Na kwa kuwa kiwanda hakikulitengeneza gari hili kwa gia za mkono, kila kipande ni cha kubuni na kuchonga.

Hayo yote hayakumtikisa. Alisema gharama anaikubali, alimradi gari la baba yake liwe kama la bingwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba ugonjwa hauko kwenye giaboksi peke yake, uko pia kwenye historia aliyoipokea. Nikaagiza chai tukakaa, nikamsimulia sehemu ya maisha ya Mehta ambayo ilimhusu yeye na gari lake hasa.

MWAKA 1979

Baada ya ushindi wa 1973, Mehta alikaa miaka sita bila kushinda Safari tena. Wengine walitamba: Joginder Singh, yule Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1974 na 1976 juu ya ushindi wake wa kwanza wa 1965. Watu wakaanza kusema kwamba Mehta amekwisha. Yeye hakuacha.

Mwaka 1979 akaja na Datsun 160J. Ukiitazama ilikuwa gari la mwalimu au karani, lenye injini ya silinda nne ya lita mbili. Na nani alikuwa mbele yake? Kampuni ya Mercedes ilikuwa imeleta 450 SLC 5.0, ndugu mwenye nguvu zaidi wa gari lile lililokuwa gerejini kwetu, silinda nane, lita tano. Mmoja wa madereva wake alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, ambaye mwaka 1972 alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari. Na hapa ndipo kijana alipoweka kikombe chini: Mercedes zile za mashindano zilikuwa za otomatiki.

Naam, otomatiki. Wahandisi wa Mercedes hawakuwa wajinga. Ndani ya otomatiki hakuna klachi ya kukanyagwa. Injini na giaboksi vinaunganishwa na chombo cha duara kilicho kama mabakuli mawili yaliyofunikizana mdomo kwa mdomo na kujazwa oili. Bakuli la kwanza linazungushwa na injini, nalo lina mapanga kama ya feni. Oili inayorushwa na mapanga hayo inayasukuma mapanga ya bakuli la pili, na gari linakwenda. Faida yake katika njia ya mawe ni kwamba ule mshtuko wa gurudumu linaloteleza kwenye tope na kunasa ghafula juu ya jiwe unamezwa na oili, badala ya kuvunja meno ya gia au kukata shafti. Dereva naye hubaki na mikono yote miwili kwenye usukani. Hasara yake ni uzito, na joto linaloichosha oili.

Matokeo yakawa haya: Mehta na msoma ramani wake Mike Doughty walishika nafasi ya kwanza kwa Datsun ya gia za mkono. Mikkola na Mercedes yake ya otomatiki akawa wa pili. Kijana alifurahi, akadhani hapo amepata ushindi. Nikamwambia asubiri. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, katika mashindano ya Bandama huko Ivory Coast, Mercedes zile zile zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, Mikkola akiwa wa kwanza. Na katika Safari ya 1980, ambayo Mehta alishinda tena, Vic Preston wa hapa Kenya, yule mdogo, alifika wa tatu kwa Mercedes hiyo hiyo. Basi kama otomatiki ni ya kwenda sokoni, soko lenyewe lilikuwa mbali sana na njia yake mbaya.

Kwa hiyo si mkono wa gia uliompa Mehta ushindi. Lakini ni nini?

Wanaokumbuka uendeshaji wake wanakubaliana juu ya jambo moja. Mehta hakutafuta kuwa wa kasi kuliko wote katika kila kipande cha njia. Walikuwapo wenye kasi zaidi yake, hasa wageni kutoka Ulaya waliozoea vipande vifupi. Yeye alijua kwamba Safari ni ndefu, na kwamba gari lililovunjika saa ya ishirini halisaidiwi na kasi ya saa ya kwanza. Alilihurumia gari. Kuna namna nyingi za kuliua gari bila kugonga kitu. Dereva akiruka tuta huku amekanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka hewani kwa kasi, na yanapogusa ardhi mshtuko wote unaingia kwenye difu. Akibadilisha gia kwa nguvu kabla ya wakati wake, meno yanalika. Akiteremka mteremko kama wa Tambach kwa breki tupu bila kutumia gia kulizuia gari, breki zinaungua zikafa. Bingwa ni yule anayejizuia kufanya hayo hata anapochelewa, hata anapokuwa na usingizi, hata anapoliona vumbi la mwenzake mbele yake. Huo ndio ufundi wa Mehta, nao hauuzwi dukani wala haufungwi kwa spana.

Nilimwambia kijana kwamba giaboksi ya baba yake haikufa kwa sababu ni otomatiki. Ilikufa kwa kuwa oili iliachwa kupungua bila kutazamwa, na ikaendeshwa hivyo mpaka ikaungua. Gia za mkono zikitendewa hivyo zitakufa vile vile.

Alifikiri siku mbili, kisha akarudi na kusema turudishe otomatiki. Tukapata nyingine ya namna ile ile iliyotolewa kwenye gari lililokwisha maisha yake. Tuliifungua tukabadilisha sahani na sili zote, tukasafisha mabomba na sehemu ya kupozea ili uchafu wa giaboksi ya zamani usiingie kwenye mpya. Lile bakuli la oili tuliliingiza taratibu, tukilizungusha kwa mkono mpaka likakaa mahali pake kwenye pampu. Fundi mwenye pupa hukaza boliti kabla halijaingia sawasawa, na akiwasha injini pampu inavunjika siku hiyo hiyo. Gari likapanda Timboroa bila kulalamika.

HESHIMA ILIYOBAKI

Tumrudie Mehta. Baada ya 1979 na 1980, alishinda Safari ya 1981, na ya 1982 pia, ambayo ndani yake wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka huo. Kwa ushindi wa mara nne mfululizo, na mara tano kwa jumla, Mehta alifika mahali ambapo hakuna dereva mwingine aliyefika tangu Safari iingizwe katika ubingwa wa dunia. Ushindi wote wa miaka hiyo minne aliupata pamoja na Mike Doughty. Katika mashindano mengine, kiti cha msoma ramani kilikaliwa na mkewe, Yvonne, na wengi wetu tulijifunza kwao kwamba mume na mke wanaweza kusafiri njia mbaya kiasi kile bila kugombana.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana katika mashindano ya jangwani ya Mafarao huko Misri. Aliumia vibaya, na maisha yake ya kuendesha magari ya mashindano yakaishia hapo. Hili lilikuwa pigo lake la pili kubwa. La kwanza lilimwondolea nchi, la pili likamwondolea usukani. Mtu mwingine angejifungia ndani na kuhesabu vikombe vyake. Mehta aliingia katika uongozi wa mchezo. Aliliongoza baraza la mashindano haya katika shirika la magari la dunia, FIA, akizungumza na wenye viwanda na wenye nchi kwa utulivu ule ule aliokuwa nao barabarani. Mtu wa Afrika Mashariki, aliyefukuzwa alikozaliwa, akawa msimamizi wa sheria zilizofuatwa na madereva wa dunia nzima.

Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kutolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002, na hakuishi kuiona ikirudi mwaka 2021.

Tunapowasimulia watoto wetu habari za mabingwa, mara nyingi tunawapa kasi peke yake, kisha tunashangaa wakiyaharibu magari na maisha yao kwa haraka. Mehta alistahili kusimuliwa vingine. Mara mbili alinyang'anywa kitu alichokitegemea, na kila mara alitazama kilichobaki mkononi akakitunza mpaka kikamfikisha. Kijana akitaka kumwiga, na aanze kwa kuipima oili asubuhi kabla ya kuwasha gari.